TAHADHARI: Fundi wa skatingi anayeuza kona za kuchonga, anakupigilia 45 zilizojazwa unga wa mbao

Jamani, naandika nikiwa na hasira, na nitaandika kwa urefu, mnivumilie. Yule fundi wa skatingi (zile mbao za kuzungushia chini ya ukuta) niliyemsifia mbele yenu, mpaka wengine mkaniomba namba yake, ni tapeli. Anauza kona za kuchonga, yaani ncha ya ubao mmoja inachongwa kufuata nakshi ya mwenzake, halafu anakupigilia za 45, yaani ncha zote mbili zimekatwa mshazari wa digrii 45. Kama umeshampa kianzio, kidai leo. Kama hujampa, usimpe hata senti. Jina silirudii hapa, mnaomjua mnamjua. Na wale mliompokea kwa sababu ya neno langu, naona aibu kuwatazama usoni.

Nianze na alivyoniingiza mjini, kwa sababu kuna watu wameanza kuniambia eti nilikuwa sina macho. Macho ninayo. Huyu mtu hakuja na maneno matupu. Alikuja na vibao viwili vya plaiwudi vilivyoungwa kwa bawaba, vinafunguka na kufunga kama jalada la kitabu. Upande mmoja kapigilia kipande cha skatingi chenye nakshi ileile niliyoitaka, tumbo la mviringo juu na mfereji mwembamba chini yake. Upande wa pili kaweka kipande kingine ambacho ncha yake imechongwa kufuata lile tumbo na ule mfereji, hakukipigilia, kakisukuma kwa kidole tu. Kikakaa. Mshono huuoni. Akaniambia nipitishe ukucha, nikapitisha, ukucha ukateleza bila kukwama popote. Akaipanua bawaba kidogo, kona ikazidi digrii 90, akasukuma kwa kidole, mshono ukafunga vilevile. Akaibana ikawa chini ya 90, ukafunga. Halafu akatoa sampuli ya pili, hii imekatwa 45 pande zote mbili. Akaipanua kiasi kilekile, na hapo hapo ikafunua mdomo mbele, plaiwudi ya nyuma inaonekana. Akasukuma kwa nguvu zake zote, mdomo haukufunga.

Sasa niambieni, mtu akikuonyesha kitu kama hicho mkononi mwako, unamkataa kwa lipi?

Na kila alichosema kilikuwa kweli, hilo ndilo linaloniuma. Alisema kona za ndani za nyumba ni nadra kuwa 90 kamili, kwa sababu plasta hujikusanya pale mwiko unapogeukia, kwa hiyo unakuta 88 hapa, 92 pale. Alisema hata ukibahatisha 45 zako zikutane vizuri, msumari ukivuta mbao kwenda ukutani, mshono unaachia. Alisema mbao hunywea kwa upana na kwa unene, kwa urefu hainywei kitu cha kuonekana, na ndiyo maana kona ya 45 hufunguka mbele hewa ikikauka. Akanieleza na kazi yenyewe inavyokwenda: ubao wa kwanza unakatwa wima, unaingia mpaka kwenye kona. Wa pili unakatwa kwanza 45 ili nakshi ijichore yenyewe kwenye ukingo, unapitisha penseli juu ya ule ukingo, kisha unaufuata kwa msumeno mdogo wa upinde wenye wembe mwembamba, umeulaza kidogo kuelekea nyuma ili mgongo wa ubao uwe mtupu na ukingo wa mbele peke yake ndio uguse. Unamalizia kwa tupa na msasa. Nimeulizia baadaye kwa mafundi wengine, hakuna alichokosea. Anaijua kazi. Aliamua tu kutoifanya, na hela ya kuifanya akachukua.

Kwa sababu bei tulipatana ya kuchonga, kona kwa kona, na nilikubali iwe juu. Sebule yangu ina makona mengi, na nilitaka vanishi ya wazi na si rangi. Rangi inaficha mengi. Mbao ikionekana, kona mbovu haina pa kujificha, na nilimwambia hivyo kwa kinywa changu. Akanijibu, "Bosi, kwa kona za kuchonga hutahitaji kuficha kitu."

Siku ya kazi alikuja na mashine ya kukatia pembe, bunduki ya misumari na kijana wake mmoja. Akaniambia vumbi na harufu ya vanishi vitanisumbua kifua, bora nikae nje, wakafunga mlango. Nilichokuwa nasikia ni mashine tu, inalia, inanyamaza, inalia. Nilipouliza mbona sisikii msumeno wa mkono, akatoa kichwa mlangoni akasema ncha alizichonga karakana ili kuokoa muda. Nikaona ni jibu la mtu mzima, kwa sababu kweli ncha iliyochongwa inaweza kutangulia na urefu ukakatwa ukiwa pale pale.

Aliniita jua limeshazama. Tochi alikuwa ameshika yeye mwenyewe, anamulika kila kona kutoka mbele, mwanga umeijaa mbao usoni. "Angalia mwenyewe." Nikaangalia. Nikapitisha ukucha kama alivyonifundisha, ukateleza. Nikamlipa yote, nikampa na ya soda juu, nikapiga picha zile mlizoziona.

Hewa ilipoanza kukauka nikaona mstari kwenye kona iliyo nyuma ya mlango, mwembamba juu, mpana ukishuka. Nikadhani ni vumbi. Nikafuta, haukutoka. Nikachokonoa kwa ncha ya kisu, likabanduka gamba zima la kitu kigumu cha rangi ya asali, limejipinda, limebeba mpaka umbo la ule mfereji. Unga wa mbao uliokandwa na gundi nyeupe! Nyuma ya gamba kulikuwa na kipande cha boksi kilichokunjwa na kushindiliwa ili huo uji upate pa kuegemea. Boksi! Ndani ya skatingi niliyolipia kuchongwa! Na nyuma ya boksi naona nyuso mbili za 45 zimeachana, kavu, hata tone la gundi halikupita kati yake.

Nikamwita fundi mwingine akabandua ubao mmoja mrefu. Ncha zote mbili 45. Tukabandua wa pili, 45. Hakuna hata ncha moja iliyoguswa na msumeno wa upinde.

Nilipompigia akaniambia mbao inapumua, ni hali ya hewa. Nikamwambia hiyo ndiyo sababu uliyonipa ya kulipia kuchonga! Akahamia kwenye plasta, eti kuta zangu zimepinda. Sababu ileile tena! Akaahidi kuja, hakuja, na sasa simu yangu haipokei.

Kabla mtu hajaja kumtetea: sisemi kukata 45 ni dhambi. Kona za nje zote ni 45, hakuna njia nyingine ya maana. Kornishi za gipsamu hukatwa 45 zikajazwa na hakuna anayelalamika. Skatingi ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya kupakwa rangi, wengi wanakata 45, maana ukiichonga ule ukingo mwembamba humeguka upesi. Na ubao mnyoofu usio na nakshi hata kuchonga hauhitaji, unaukata wima unausukuma kwenye mwenzake. Angeniambia "nakukatia 45 kwa bei ya 45" ningejua moja. Huyu kauza kitu kimoja akaleta kingine, akafunika kombe mwanaharamu apite.

Mtu kama huyu anyang'anywe zile mashine. Nasema kweli. Arudishe hela ya kila kona, na ya mbao alizoharibu, maana ubao uliokwisha katwa 45 ncha zote mbili ukitaka kuukata wima unakuwa mfupi, haufiki ukuta wa pili. Ashitakiwe, si kwa kazi mbaya, kwa wizi. Kazi mbaya mtu anaweza kukosea. Kukunja boksi na kulishindilia kwenye ufa hukosei, unajua unachofanya.

Mnaoniuliza dalili: tochi shika wewe, mulika kutoka ubavuni huku umeilaza ukutani, kivuli kitakwambia. Kona ioneni kabla ya vanishi, na kabla ya kitu chochote kujazwa. Gundi hainywi vanishi kama mbao, kwa hiyo ukiona kwenye mshono kuna mstari mweupe au unaong'aa tofauti, hapo pamejazwa. Omba uone msumeno wa upinde na tupa, visipokuwepo uliza. Tazama rundo la mbao kabla hazijapigiliwa: kwenye chumba cha kona nne lazima uone ncha zilizokatwa wima na ncha zenye umbo la nakshi. Ukiona zote zimelala 45, mtoe nje na mashine yake. Na akikufungia mlango, fungua, hata kama unakohoa.

Ila hizi dalili zisimpe mtu nafasi ya kusema kosa ni la aliyelipa. Kosa ni lake yeye na yule kijana wake aliyekuwa anakanda unga huku akinitazama usoni akiniamkia. Na huyo naye asiachwe, alijua kila kitu.

Mliofanyiwa kazi naye, chokonoeni kona moja tu, ile iliyojificha nyuma ya mlango au kabati, mniletee picha ya mtakachokikuta. Picha za magamba na maboksi ninazo, mbao mbili zilizobanduliwa ninazo. Nikipata na za kwenu nazipeleka zote pamoja, na safari hii hatajibu habari za hali ya hewa.