Gasketi ya ekzosi ya Vitz yangu: mara mbili ndani ya miezi saba

Gari langu ni Toyota Vitz ya sisi 1000, na kwa kuwa ninaishi Kigamboni karibu na bahari, kutu haijawahi kunipa nafasi ya kupumua. Mwaka jana nilianza kusikia mlio wa tak-tak kila asubuhi ninapowasha gari, mlio ambao ulipotea injini ikishapata moto. Fundi wa kwanza alisema ni valvu, nami nikakubali. Kumbe ilikuwa ekzosi, yaani mabomba ya kutoa moshi, iliyokuwa ikivuja: chuma kikiwa cha baridi, upenyo huwa wazi, kikipata moto hutanuka na kuuziba.

Fundi wa pili alipandisha gari kwenye stendi, akanionyesha masizi meusi pale bomba la mbele linapoungana na la kati, kwenye gasketi ya mviringo, kizibo cha kuzuia moshi usivuje kwenye kiungo, inayobanwa na bolti mbili zenye springi. Injini ikiwa inaunguruma, aliziba mdomo wa bomba la nyuma kwa tambara kwa sekunde chache tu, na moshi ukafoka palepale penye masizi.

Gasketi niliyonunua kwanza ilikuwa ya bei ya chini kabisa dukani, isiyo na boksi wala namba ya spea. Ilifungwa harakaharaka juu ya mabaki ya ile ya zamani, kisha ikazungushiwa silikoni ya kawaida, ambayo haihimili joto la ekzosi. Baada ya miezi miwili silikoni ilikuwa imebanduka kama magamba, na mlio ukarudi.

Ya pili ni ya grafiti iliyoshindiliwa pamoja na nyuzi za chuma, na iligharimu karibu mara tatu. Safari hii bolti zilimwagiwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jioni, lakini moja ilikatika hata hivyo, na kuitoa kwa drili kulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yote. Nilinunua bolti na springi mpya, kwa sababu za zamani zilikuwa zimelegea na zisingeibana gasketi yoyote, hata iwe nzuri namna gani. Fundi alisugua nyuso zote mbili kwa brashi ya waya hadi zikang'aa, akakaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, bila silikoni.

Muuzaji aliniahidi kwamba matumizi ya mafuta yatapungua. Hayakupungua, wala sikutarajia: upenyo ukiwa mbele ya sensa ya oksijeni (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi), upande wa injini, hewa huingia na kompyuta hudanganyika ikaongeza mafuta, lakini wangu ulikuwa nyuma ya sensa hiyo. Nilichopata ni utulivu, na kuondokewa na hofu ya kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, hasa ninaposubiri foleni ya kivuko injini ikiwaka.

Siku ya kwanza gari lilinuka mafuta yaliyoungua, kisha harufu ikaisha. Wiki iliyopita, mwezi wa tano tangu ifungwe, niliinama chini ya gari nikakikagua kiungo: kilikuwa na vumbi la mchanga tu, bila masizi.