Tuta la mbao na tuta la tofali: bustani ya Mama baada ya misimu mitatu

Mama yangu ana miaka 74, amelima mboga tangu nilipopata akili, na kwa miaka miwili sasa magoti yake yamekataa kabisa kuchuchumaa. Kushika jembe kwa dakika chache bado anaweza. Kinachomshinda ni palizi, kupunguza miche na kuchuma mchicha, yaani kazi zote zinazomtaka mtu akae chini karibu na udongo. Kwa kuwa hakutaka kusikia habari ya kununua mboga gengeni wakati ana kiwanja nyuma ya nyumba yake Morogoro, tuliamua kuuinua udongo umfuate yeye. Tumelipia matuta ya aina mbili: la kwanza ni la mbao lenye miguu kama meza, lililotengenezwa na karakana moja ya samani mjini, na la pili ni la tofali za saruji, lililojengwa na fundi mwashi wa mtaani kwetu. Yote mawili yameshapita katika mvua na kiangazi, na nadhani ni wakati wa kuyapima kwa haki.

Tuta la mbao lilitugharimu shilingi 340,000 pamoja na usafiri. Lilikuwa na urefu wa mita 2, upana wa sentimita 90, kina cha sentimita 30, na ukingo wake ulisimama mita moja kutoka ardhini. Mbao za kisanduku zilikuwa za mtiki, mti ambao mkoa wetu hauukosi kwa sababu shamba la miti la Mtibwa, kule Mvomero, lina mitiki mingi. Useremala wenyewe siwezi kuulaumu: mbao zilipigwa randa vizuri, pembe zilipigwa msasa hadi zikawa za mviringo, na vichwa vya skrubu vilizamishwa ili visimkwaruze mtu. Mtiki una mafuta yake ya asili yanayoufanya ustahimili maji na mchwa bila dawa, jambo muhimu kwa tuta la chakula. Kwa nia njema kabisa karakana ilitaka kupaka oili chafu ya magari ndani ya kisanduku, kama inavyopakwa kwenye nguzo za uzio na mbao za paa, nasi tukakataa, kwa kuwa oili hiyo hubeba masalia ya metali na mafuta yaliyoungua ambayo hatukutaka yaingie kwenye udongo wa mchicha.

Kosa lilikuwa katika vipimo, na lilianzia kwenye simu. Mhusika wa karakana aliniuliza ninataka saizi gani, nikamwambia nataka tuta la mtu mzima asiyeweza kuinama, naye akatengeneza kwa kimo cha kaunta ya duka. Mama ni mfupi. Akisimama wima, kiwiko chake kiko sentimita 95 kutoka ardhini, kwa hiyo udongo ulikuwa karibu sawasawa na viwiko vyake, na nyanya chungu zilipokua zikafika usoni. Siku ya kwanza ya palizi alifanya kazi kwa nusu saa akiwa ameinua mabega, jioni akalalamikia shingo badala ya magoti. Kwa mtu anayelima akiwa amesimama, ukingo unapaswa kuwa chini ya kiwiko kwa sentimita 15 hivi, na kwa mimea mirefu ushuke zaidi ya hapo. Upana nao ulitukamata. Tulikuwa tumelisogeza tuta hadi ukutani ili lisizibe njia, kumbe mkono wa Mama hufika sentimita 60 tu bila kuegemea. Safu ya nyuma ya spinachi ilizeeka pale pale bila kuchumwa.

Uzito ndio uliotuonyesha kasoro iliyobaki. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa inakaribia tani moja na nusu, wakati mwingine huzidi, na sisi tulijaza sentimita 25 za kina, kiasi cha kufika karibu kilo 700 zilizosimama juu ya miguu minne. Masika yalipoanza, miguu miwili ya upande wa bondeni ilizama, tuta likainama, maji yakajikusanya kona moja ambako hapakuwa na tundu hata moja la kuyatoa. Tulipoinama kuangalia tukakuta mchwa wamekwisha jenga njia yao ya udongo kwenye mguu mmoja hadi kwenye taruma za kitako, yaani mbao zinazobeba sakafu ya kisanduku, ambazo hazikuwa za mtiki bali za msindano uliopakwa rangi ya kufanana. Hilo lilinikera kuliko yote, kwa sababu bei tuliyolipa ilikuwa ya mtiki mtupu.

Karakana, nayo isinyimwe haki yake, ilimtuma kijana bila kutudai chochote. Alikata sentimita 20 za miguu, akabadilisha taruma, akatoboa matundu kitako kizima, na tukamwaga zege chini ya kila mguu. Tangu hapo tuta limetulia, likiwa limesogezwa mbali na ukuta ili Mama alizunguke pande zote, na nafasi iliyo chini yake imekuwa faida ambayo hatukuitegemea: huvuta kiti, hunyoosha miguu chini ya kisanduku, kisha hupanda miche kwenye ukingo wa mbele kama mtu aliyekaa mezani.

Fundi mwashi alianza kwa namna nyingine kabisa. Alifika jioni, akamwamkia Mama, "Shikamoo Bibi," kisha akamwomba atoe kile kiti anachokalia siku zote bila kupata shida ya kuinuka. Akavuta futi kamba kutoka sakafuni hadi kwenye kiti, akapata sentimita 47, akageuka kwangu na kusema kwamba kozi mbili, yaani safu mbili za tofali, juu ya ardhi zinatosha, asijenge zaidi. Tofali zetu ni zile za inchi 6 kwa 9 kwa 18, na kozi mbili pamoja na udongo wa saruji hufika sentimita 48. Tuta lina urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.2 kwa nje, hivyo kutoka upande wowote katikati ni sentimita 60, pale pale mkono wa Mama unapokomea. Zilitumika tofali 51, zikiwamo za kozi ya msingi iliyofukiwa, na aliacha matundu ya maji katika kozi ya kwanza ya juu bila kukumbushwa.

Mama hukaa kwa upande juu ya ukingo, kanga ikiwa imekunjwa chini yake, mkono wa kushoto umeshika tofali na wa kulia unang'oa magugu. Akimaliza kipande chake hujisukuma kwa mkono ule ule na kusogea hatua moja. Ukingo umekuwa kiti na mhimili wa kuinukia, kazi ambayo tuta la mbao haliwezi kuifanya. Kasoro zake zipo. Mwanzoni juu ya tofali paliachwa bila plasta na pakamchubua mkono, ikabidi fundi arudi kulainisha, na hiyo tulimlipa. Saa sita mchana ukingo huwa wa moto, haukaliki. Sehemu ya chini tuliijaza vigogo vya migomba na majani makavu ili kupunguza gharama ya udongo, na vilipooza tuta likashuka kwa sentimita 10 hivi ndani ya msimu mmoja, tukaongeza samadi na udongo mara mbili.

Kuhusu maji, tofauti ni kubwa. Januari na Februari, jua la Morogoro linapokuwa kali, udongo wa kina cha sentimita 25 unaopigwa na upepo kutoka chini hukauka upesi, na tuta la mbao hudai maji asubuhi na jioni. La tofali, likiwa limeungana na ardhi, huvumilia siku mbili. Kwa mtu anayebeba kopo la lita 5 kwa sababu ndoo ya lita 20 imemshinda, hesabu hiyo si ndogo, na ningejua mapema ningeliweka tuta la mbao karibu na bomba.

Kwa anayelima akiwa kwenye kiti, au mwenye nyumba ya kupanga atakayehama na mali yake, tuta la mbao bado ningelinunua, kwa sharti kwamba kila kipande kikaguliwe kabla ya rangi kupakwa. Kwa kiwanja chetu sisi tumechagua mwashi. Wiki iliyopita amerudi kupima tuta la tatu, la shangazi yangu anayehamia kwa Mama. Kiti chake kimetoka sentimita 43, na fundi amesema atazamisha kozi ya kwanza kidogo.