Seramu ya vitamini C: uliza chupa kwanza, asilimia baadaye

Foronya yangu nyeupe nimeifua mara tatu na madoa ya rangi ya chungwa hayatoki, kwenda kuicheki seramu yangu ya vitamini C nakuta imekuwa kama chai ya rangi kabisa, na nimeinunua elfu 38 hata mwezi haina! Nikampigia dada aliyeniuzia hapa mjini, eti "ndo imeiva hiyo mpenzi, sasa ndo ina nguvu". Jamani, vitamini C haiivi, inaoza.

Ile halisi, asidi ya askobiki, inafifisha madoa ya chunusi na inasaidia ngozi kutengeneza kolajeni, ile protini inayoikaza, ila maadui zake ni hewa, mwanga na joto. Sasa fikiria mzigo umetoka Kariakoo kwenye buti la basi, umefika Dodoma umepangwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la saa tisa, chupa yenyewe nyeupe unaona hadi upande wa pili, na kila ukichomoa kile kidripu cha kudondoshea hewa inaingia. Watu wanauliza tu asilimia ngapi.

Kwangu namba moja ni CeraVe ya asilimia 10 na siwezi kuificha, naipenda. Iko kwenye tyubu, haioni mwanga, unaminya kidogo unafunga, na ina seramaidi, yale mafuta yanayozuia ngozi isikauke, zinazotusaidia na huu upepo mkavu wa kiangazi unaopasua hadi midomo. Kwa kuwa ndani hupaoni, minya tone kwenye tishu nyeupe, likiwa kahawia rudisha.

Ya pili The Ordinary ya askobili glukosaidi asilimia 12. Iko kwenye chupa ya kidripu lakini naisamehe kwa sababu aina hiyo ya vitamini C haiharibiki haraka na haichomi, ila matokeo yanachelewa, uwe mvumilivu. Ya tatu ni unga wa vitamini C wa haohao The Ordinary, unachanganya na krimu yako kiganjani muda huohuo, ukizidisha unawasha, wenye ngozi inayowashwa haraka uacheni.

Za elfu 5 zisizoandikwa viambato, pita. Na inayokuahidi weupe kwa siku 7 ikimbie kabisa, vitamini C haifanyi hivyo, humo kunaweza kuwa na zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, na vyote vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini.

Jaribu nyuma ya sikio siku mbili kwanza. Kuwasha kidogo kunakoisha ni kawaida, ikiunguza osha. Paka asubuhi, juu yake sanskrini, krimu ya kukinga jua, hiyo usiruke.

Kinachoniuma ni bei, unaongezewa elfu 10 ya neno "orijino" halafu bidhaa ikiwa mbovu hakuna kubadilishiwa. Juzi duka moja karibu na Majengo nimeomba waminye tone kwenye tishu kabla sijalipa, muuzaji akanuna, nikarudisha hela yangu kwenye pochi nikaondoka.