Tarakimu 60 za luku ya mama: uzoefu wangu na TANESCO

Mama yangu anaishi Muheza, umri umeshasogea, na miwani yake ina mguu mmoja, wa pili ni uzi. Mwaka 2024 mita za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla, zilipokuwa zinaboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba, mimi niko Dar, nikamnunulia umeme wa 5,000 kwa simu kama kawaida. Safari hii ukarudi ujumbe mrefu kama risala ya harusi: mafungu matatu ya namba, kila fungu tarakimu 20. Nikamrushia lile la mwisho tu, si ndilo la umeme? Mita ikakataa. Akarudia mara tano, ikakataa mara tano.

Kosa lilikuwa langu. Mafungu mawili ya kwanza ndiyo yaliyokuwa ya kuboresha mita, na ilikuwa lazima yatangulie kwa mpangilio, la umeme lifuate.

Sijalijua hilo, kishoka, fundi tapeli wa umeme, keshafika mlangoni. Shati la bluu, bisibisi mfukoni, anamwambia mama mita imeungua, atoe elfu thelathini "aiweke sawa". Bahati nzuri mama yangu ni mbahili wa kuzaliwa.

Jirani ndiye aliyemwambia kuna watu wa TANESCO, shirika la umeme, wameweka meza karibu na soko, wanasaidia wenye shida kama yake. Akaenda na kisimu chake cha tochi. Dada aliyekuwa pale akasoma ujumbe, akaona fungu moja, akamwambia: "Mama, mpigie mwanao atume yote." Nikatuma. Sasa hapa ndipo aliponimaliza: alifunga daftari lake akamfuata mama hadi nyumbani, maana macho ya mama na vile vibonye vya rimoti ya mita haviivi chungu kimoja.

Nilibaki kwenye simu nasikiliza. "Soma nne nne mama, usikimbie." Mama anasoma, dada anabonyeza, rimoti inalia ti, ti, ti. Fungu la kwanza likakubali, la pili nalo. La tatu likaleta uniti 28 na ushee.

Mama akaja juu: mbona chache? Yeye yuko D1, kile kiwango cha wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na hesabu zake anazijua kuliko mimi. Dada akamweleza taratibu kwamba ni manunuzi ya kwanza ya mwezi, na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku, ni ya serikali, haibaki kwa shirika. Mama hakufurahi, ila alielewa. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumweleza vizuri.

Malipo ya kazi yote hiyo? Hakuna. Chai alikunywa, na andazi moja akafungiwa kwenye gazeti.

Kwa huduma ile natoa nyota tano bila kufikiri. Kama una mzazi kijijini, mtumie ujumbe wa luku mzima kama ulivyokuja, usijifanye mjuaji kama mimi, na mwambie fundi asiye na kitambulisho asivuke kizingiti.

Mama hilo kalishika. Mwezi uliofuata nilikwenda kumsalimia, nikabisha hodi usiku, sauti ikatoka ndani: "Kitambulisho!"