Kinanda chenye sensa ya mkono: kipi kinunuliwe Tanga

Kabla hujatoa pesa, jiulize mkono gani utakuwa huru. Sensa ya miale ya infraredi, ambayo kampuni ya vinanda ya Roland wanaiita D-Beam, inakuruhusu kupitisha kiganja hewani na sauti ikabadilika: mwangwi unaongezeka, sauti inakuwa kali au inafifia. Inapendeza jukwaani, lakini mpiga taarab ambaye kushoto anashika besi na kulia anajibizana na mwimbaji hana mkono wa kupunga. Huyo pedali ya mguu inamfaa zaidi, na ni rahisi mno kwa bei. Wengine tuendelee.

Vingi utakavyokutana navyo ni mtumba. Cha kwanza kwangu ni Juno-Di ya Roland, iliyotoka mwaka 2009. Ina vitufe 61, ni nyepesi kubeba hata kwa bodaboda kutoka Makorora hadi ukumbini, na inakubali betri nane za AA umeme ukikatika (spika za ukumbi ni habari nyingine). D-Beam yake unaipangia kazi uitakayo. Mimi ningeipa ukali wa sauti au mwangwi, kamwe si kupandisha na kushusha noti. Hewani hakuna alama ya kukuonyesha noti ilipo, na watu wa Tanga masikio yao yamelelewa na vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star. Ukipotea kidogo tu wanajua. Angalia pia usiuziwe Juno-DS kwa maneno kwamba "ni ileile". Ni kinanda kizuri cha mwaka 2015, ila D-Beam haina.

Cha pili ni GAIA SH-01, nayo ya Roland, ya mwaka 2010. Vitufe ni 37 tu, kwa hiyo harusi nzima itakubana, lakini kijana anayetengeneza midundo chumbani atakifurahia. Sensa yake ina vibonyezo vitatu vinavyoeleweka mara moja: noti, kiwango cha sauti, na madoido.

Cha tatu, tengeneza mwenyewe kama una kinanda kisicho na sensa na una kompyuta. Chukua sensa ya Sharp GP2Y0A21 na Arduino Leonardo, yaani bodi ndogo ya kielektroniki unayoipangia kazi, ambayo kompyuta inaweza kuitambua kama kifaa cha MIDI (lugha ambayo vinanda na kompyuta huelewana kwayo). Sensa hiyo hupima umbali wa sentimita 10 hadi 80. Kuna mtego hapa: mkono ukishuka chini ya sentimita 10, kipimo kinageuka, na sensa inadhani mkono uko mbali. Utakuwa unashusha kiganja ili sauti ikolee, ghafla inapotea. Dawa yake ni kuizamisha ndani ya kisanduku, kina chake kizidi hizo sentimita 10.

V-Synth ya Roland, ya mwaka 2003, yenye miale miwili, naiweka mwisho. Ni ya ajabu, lakini ni ya zamani, na ikiharibika fundi wa kuifungua hutampata Ngamiani.

Ukienda kukagua, kitoe kinanda dukani ukijaribu nje. Roland wenyewe wanaonya kwenye vitabu vyao vya maelekezo kwamba jua kali likipiga moja kwa moja, eneo ambalo D-Beam inasoma mkono linapungua sana. Harusi ya alasiri Raskazone, kinanda kiko juani, sensa inaweza isikuone kabisa. Kiweke chini ya turubai, kisha urekebishe usikivu wa sensa palepale utakapopigia, kwa sababu mwanga wa dukani si wa ufukweni.

Washa D-Beam, uielekezee kamera ya mbele ya simu. Mara nyingi utaona nuru hafifu ya zambarau ambayo jicho halioni. Usipoiona usihukumu, simu nyingine huichuja. Pitisha mkono taratibu usikilize kama sauti inapanda bila kurukaruka. Kisha geuza adapta usome maandishi. Vinanda vilivyotoka Japani vingi huja na adapta ya volti 100, na soketi zetu ni 230.