Nimeunga Ford ya 1932 sebuleni Mtwara, mvua ilinikomesha (uzoefu wangu)

Wakuu habari za saa hizi. Kuna watu watatu wanne wameniuliza kile kigari cheusi nilichoweka status wiki iliyopita nimekinunua wapi. Sasa niseme tu hakikununuliwa vile, ni kigari cha mfano cha kuunga mwenyewe, kilikuja kwenye boksi, vipande zaidi ya mia vimeshikana kwenye fremu za plastiki kama zabibu kwenye shada, na kimenikalisha miezi mitano kasoro. Naandika yote, tamu na chungu, maana mi nilipokuwa natafuta mtu wa kunielezea kwa Kiswahili sikumpata, ikabidi niangalie video za Wamarekani wako kwenye gereji zao zina AC wananiambia acha rangi ikauke saa moja uendelee. Saa moja ya kwao hiyo, sio ya Shangani hapa Mtwara mwezi wa pili.

Gari yenyewe ni Ford ya 1932, milango miwili madirisha matano, ile wenyewe wanaiita Deuce, yaani mbili, kwa sababu ya ile mbili ya mwishoni mwa mwaka. Skeli ni 1/25, yaani gari halisi ni ndefu mara 25 ya hiki. Usichukulie poa hiyo gari, mwaka huo ndio Ford walitoa V8, injini ya silinda nane, ya bei ambayo mtu wa kawaida anaifikia, nguvu za farasi 65 tu, leo hata kigari cha kwendea sokoni kinaizidi, ila enzi hizo ilikuwa balaa. Baadaye vijana wa California wasio na hela wakawa wanazinunua zikiwa mitumba, wanang'oa madigadi, wanatupa boneti, wanapunguza kila chenye uzito, halafu wanaenda kukimbizana kwenye maziwa yaliyokauka, Muroc na El Mirage, mpaka 1937 wakawa na chama chao kabisa cha kusimamia hizo mbio, SCTA. Ndo hotirodi hizo. Yaani ni akili ileile ya bodaboda wetu anayetoa saidi mira na kukata eksozi, tofauti wao walipimwa muda.

Seti nimeagiza kwa muuzaji mmoja Dar, simtaji wala kampuni iliyotengeneza siitaji kwa sababu nina malalamiko na sitaki ugomvi. Laki na themanini, ikaja na basi usiku, asubuhi nipo stendi naipokea kama mtu anayepokea mgonjwa. Kufungua, kioo cha mbele kina ufa. Nikampigia jamaa akasema boksi lilitoka kwake zima, wa basi nao wakasema walilipokea hivyohivyo, basi nikanyamaza, nitakuja kwenye kioo baadaye maana hata kisingekuwa na ufa nilikiua mwenyewe.

Plastiki ni nzuri, laini, inakatika vizuri, mimi nilitumia mkasi wa kucha ule wa kubana na wembe. Ila kingo za vipande vingi zina mabaki ya plastiki iliyovuja wakati wa kutengenezwa, lazima upitie kimoja kimoja na msasa, na vile vipande vya kung'aa kama kromu vimeshikiliwa na fremu mahali ambapo panaonekana, ukikata tu inabaki doa jeupe katikati ya bampa. Na gundi haishiki juu ya hiyo kromu hata uibembeleze vipi, lazima ukwangue pale vinapokutana mpaka plastiki yenyewe itokee. Hilo kwenye maelekezo hawajasema. Maelekezo yenyewe ni michoro na mishale tu, ikifika kwenye ekseli ya mbele mishale sita inaingia sehemu moja. Vipande ambavyo sikutaka ving'ae nililoweka kwenye jiki, dakika chache kromu yote imeyeyuka imebaki plastiki. Hii nimeipenda sana, hapo hela ya jiki ni ya kuomba kwa mama.

Kuhusu gundi niwe mfupi. Gundi ya plastiki ile ya majimaji inayeyusha pande zote mbili zinakuwa kitu kimoja, hiyo ndio ya kutumia. Supaglu usiipeleke karibu na vioo. Moshi wake ukikauka unaacha ukungu mweupe kwenye kioo na hautoki kirahisi, ndo nilivyokiua kile cha mbele ambacho tayari kilikuwa na ufa. Nikakata kingine kutoka kwenye plastiki ya pakiti ya miswaki, ile angavu ya mbele, na nawaambia ni kizuri kuliko cha boksi maana ni chembamba.

Sasa rangi. Jamani rangi.

Nilijifanya mjanja. Mtaani kwetu kuna fundi rangi za magari, kijana safi tu, kompresa anayo, nikasema kwanini nihangaike na kopo la spreya wakati huyu anapaka Noah nzima inang'aa. Nikampelekea bodi, akachanganya nyeusi na tinna kama anavyochanganya za kwenye bati, akapuliza raundi moja nzito. Mbele ya macho yetu bodi ikaanza kufanya makunyanzi kama ngozi ya kobe. Kumbe tinna ya rangi za gari ni kali, bati haijali lakini plastiki hii inaliwa. Wala sio kosa lake, mimi ndo sikumwambia ni plastiki gani na yeye hajawahi kuona mtu mzima kaleta gari la kuingia kwenye mfuko wa suruali. Tuliangaliana tu. Akaniambia bro hii tuiloweke kwenye mafuta ya breki. Nikaona ananimalizia kabisa, lakini aisee alikuwa sahihi, usiku mmoja kwenye kopo la mafuta ya breki rangi ikalegea, nikaisugua kwa mswaki wa zamani ikatoka na plastiki haijaguswa zaidi ya ilivyokuwa imeshaliwa. Vaeni glavu lakini. Yale makunyanzi nikayafuta kwa msasa na maji siku tatu mfululizo, namba 400 kisha 1000, mpaka vidole vikakosa alama.

Raundi ya pili nikanunua praima ya kopo, ile rangi ya kutangulizia chini, na nyeusi ya kopo, zinazoandikwa zinafaa plastiki. Praima ikakaa vizuri. Nyeusi nikapuliza jioni saa kumi na moja kumetulia, hakuna vumbi, mvua imetoka kukatika, nikajiona fundi. Kesho yake bodi nyeusi ina utando mweupe kama imepakwa unga wa muhogo. Nikatukana kopo, kumbe kopo halina kosa. Rangi ikiwa inakauka ile dawa yake inaruka haraka na inapooza uso wa kitu, sasa hewa ikiwa na maji mengi kama ya kwetu hapa pwani masika yakiwa yamekolea, yale maji yanagandia juu ya rangi mbichi kama yanavyogandia kwenye chupa ya soda ya baridi. Ndo huo utando. Wamarekani wa kwenye video hawakusema, gereji zao zina AC.

Kwahiyo kwa wa Mtwara na Lindi nisikilizeni hapa hata kama mengine mtaruka. Kuanzia Desemba mpaka Aprili usipake asubuhi sana wala jioni, subiri saa tano mpaka saa nane, jua limekausha, na siku mvua imenyesha usipake kabisa hata kama roho inakuuma. Kopo liloweke kwenye maji ya uvuguvugu, uvuguvugu nimesema sio ya moto, kabla ya kupuliza. Piga nyembamba nyembamba, ya kwanza iwe kama vumbi tu. Mimi nilingoja wiki mbili nikapata siku tatu kavu zinafuatana nikamaliza zote. Najua wengine mtasema si bora kusubiri Julai, sawa, Julai hewa kavu ila kusi ikivuma inakuletea mchanga wote wa ufukweni juu ya rangi mbichi, hapo itabidi upulizie ndani ya boksi kubwa la friji. Chagua shida yako.

Nikiwa nasubiri hizo siku kavu ndo nikapata wazo la kukata paa. Hotirodi ya kweli inashushwa paa, ikae kama imekunja uso. Na skeli ya 1/25 ina raha moja nilipoigundua nilicheka peke yangu, inchi moja ya gari halisi inakuwa karibu milimita moja kwenye seti. Kwahiyo ukisikia mtu kakata paa inchi tatu, wewe kata milimita tatu, hakuna kikokotoo. Kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma gari halisi ni inchi 106, pima ya kwangu utaona sentimita kumi na nusu na kitu.

Nikachora mistari na kalamu, nikachukua kipande cha msumeno wa chuma, nikakata nguzo zote. Kuweka paa chini, limeshuka kuliko nilivyopanga. Nikapima, zimeondoka nne na kitu badala ya tatu.

Hapo nikaenda Mikindani kwa mjomba. Mjomba anachonga vinyago tangu mimi sijazaliwa, tukikutana mjomba kwa mjomba, ananiheshimu kama mtu mzima tatizo akishika kazi yangu. Akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga, akaniuliza, "Mjomba, msumeno wako una unene gani?" Sikuwa na jibu. Akasema meno ya msumeno yanakula na yao, ukikata juu ya mstari umeshampa msumeno robo ya kazi, unakata ndani ya kile unachokitupa. Yaani unene wa msumeno wangu tu kwenye skeli hii ni kama inchi nzima ya gari. Mtu hajawahi kusikia neno hotirodi maishani, kamaliza kesi kwa sekunde kumi.

Haikuishia hapo, nguzo za mbele zimelala kidogo kwa nyuma, ukishusha paa juu na chini hazikutani tena, zinapishana. Ikabidi nikate paa katikati kwa upana, nilisogeze, nizibe pengo na vijiti vya ile fremu ya plastiki vilivyobaki, halafu puti, msasa, puti, msasa. Usitupe fremu! Ni plastiki ileile, inashika na gundi ileile. Sasa paa langu limeshuka inchi nne na nusu kwa hesabu za kigari, dereva angekuwepo angeendesha amelala, ila ukiliona linatisha vizuri.

Mjomba ndo akanipa na mabaki ya mpingo, vipande vyembamba vinavyodondoka akisawazisha. Nikaitoa dashibodi ya plastiki nikatengeneza ya mpingo, na kirungu cha gia. Mpingo mgumu nyie, wembe mbili zilikufa, lakini ukiupitisha msasa laini na tone la mafuta unang'aa wenyewe hauhitaji klia. Hiyo ndo sehemu watu wote wanaishika kwanza. Waya za plagi nikatoa kwenye earphone iliyokufa sikio moja, ndani mna waya nyembamba zimepakwa rangi tayari, nane kwa nane. Injini inayokuja kwenye boksi ni V8 ndogo ya Chevrolet, ya aina waliyoianza 1955. Ndio, Ford yenye injini ya Chevrolet, shabiki wa Simba kavaa soksi za Yanga, lakini Wamarekani wenyewe walifanya hivyo kwa wingi kwa sababu ile injini ilikuwa nyepesi, ina nguvu na haikuwa ghali kuipata.

Jumla? Laki na themanini ya seti, rangi na praima na msasa kama elfu sitini, nauli za Mikindani sihesabu maana huko nilikuwa nakula pia. Mimi naipa saba kwa kumi. Mbili nimekata kwa ekseli ya mbele, nyembamba kama kijiti cha meno na ndo inabeba uso wote wa gari, moja kwa kioo na yule muuzaji. Kama ni mara yako ya kwanza chukua isiyo na kromu nyingi na usikate paa, unga kwanza ilivyo. Kama una mtoto wa chini ya miaka kumi kwenye nyumba weka juu.

Mi niliweka juu ya kabati la tv, nikaona pametosha. Jumamosi mtoto wa dada kapanda kwenye stuli, kaishusha, kaisukuma sakafuni mpaka mlangoni na mdomo unafanya vuuum, ekseli ya mbele tak. Nikamfuata nimekasirika kweli, akaninyooshea ile tairi moja akaniambia, "Anko, imepata pancha." Nimeiunga tena na kipande cha spoku ya baiskeli, sasa hivi imara kuliko zote, ila tairi za mbele hazizunguki.