Pompi ya mgongoni ya lita 16 kwa vumbi la shantie: inafaa, ila angalia nozeli

Pompi hii wanaiuza sokoni Birere, hapa Goma, kwa wakulima, ya kupulizia dawa kwenye nyanya na viazi. Mimi naitumia shantieni, yaani kwenye ujenzi, mtaa wa Himbi, kuzima vumbi la mawe. Kwa dola 25, sijaona kingine kinachoikaribia.

Tunaojenga Goma, jiwe letu ni lava ya volkano ya Nyiragongo. Ile ya 2002 iliyopita katikati ya mji leo ni kuta za nyumba za watu. Fundi akilipasua kwa nyundo, vumbi linavumilika. Akilitia mashine ya diski, linatoka wingu linalovuka ukuta, na kiangazi upepo wa ziwa unalipeleka moja kwa moja kwa majirani. Kuna mama anayepika sombe, majani ya muhogo, nje, nyuma yetu tu, alinisimamisha mlangoni: "Papa, hii sombe tutakula na vumbi yenu?" Ungemjibu nini?

Ndoo hazisaidii. Maji yenyewe ni ya kununua, bidoni ya lita 20 imetoka ziwani, halafu uyamwage chini yawe tope huku vumbi la diski linaendelea kuruka juu! Pompi inatoa ukungu. Kijana anasimama kando, anauelekeza pale pale diski inapogusa jiwe, na vumbi linadondoka kama uji mweusi. Jioni anapulizia sakafu kidogo kabla ya ufagio kupita. Mashine ikiwa ya umeme, maji yasikaribie mota wala waya uliolala chini. Sisi kwa kazi hii tunakodi ya petroli.

Sasa kasoro. Nozeli ni ya plastiki na chujio lake ni jepesi mno. Maji ya tangi la mvua yana chembechembe nyeusi za bati, zinaziba, na ukungu unageuka mshale wa maji unaotawanya vumbi badala ya kulishusha. Tunayachuja kwa kipande cha kitenge kwanza. Raba ya mkono wa kupampia ilianza kuvuja mapema, kijana akalowa mgongo mzima. Mikanda nayo inakata mabega: ikijaa ni kilo 16 za maji peke yake.

Njia ya malori uwanjani haiiwezi, hapo ita sitena, lori la maji. Wala usimvue fundi barakoa kwa sababu kuna ukungu. Vumbi baya ni lile jicho lisiloliona. Lava yetu ina silika kidogo, ndiyo maana hutiririka kwa kasi vile tulivyoona 2021, lakini betoni (zege) na karo ni habari nyingine: zina kwatzi, silika ngumu ya mchanga, na vumbi lake likikaa mapafuni miaka na miaka ni silikosi, ugonjwa usio na tiba. Anayekata karo kwangu anavaa FFP2, barakoa ya kuchuja vumbi laini, iliyobana pua. Kitambaa, hapana.

Nunua mpya, siyo iliyowahi kubeba dawa ya shamba, maana ukungu wake wataupumua watu. Omba raba za akiba na nozeli ya shaba. Na ujaziwe maji hapo hapo uijaribu. Muuzaji akikataa, pita duka la pili, Birere hayakosekani.